Miaka Yangu ya Kunusa Matangi ya Kensington

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sepetu wala glavu. Niliwekewa makopo matatu ya udongo, nikaambiwa ninuse.

Yalikuwa makopo ya rangi yaliyooshwa, yamepangwa nyuma ya lori. Aliyeyapanga alikuwa Msimamizi wetu, mzee wa Kizulu mwenye ndevu nyeupe na ovaroli iliyopigwa pasi hadi ikatoa mstari. Tuliofika kuomba kazi asubuhi ile tulikuwa watano, na baridi ya Julai ya Johannesburg ilikuwa inakata masikio. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Nikainama kwenye kopo la kwanza: udongo mtupu. La tatu lilinuka mafuta waziwazi, hata mwenye mafua angejua, na wenzangu wote wakalinyooshea kidole hilo. Mimi nikarudi kwenye la pili, kwa sababu lilinikumbusha chumba cha bibi yangu asubuhi, chemli ya mafuta ya taa ikiwa imezimwa zamani.

"Na hili lina kidogo, Baba," nikasema.

Msimamizi akanitazama. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza na Kizulu cha kubahatisha, lakini hapa nitaandika Kiswahili ili tuelewane.

"Eish, ndodana," akasema, yaani mwanangu. "Hilo nilitia matone mawili tu, tena jana. Pua hiyo umeitoa wapi?"

"Tanga, Baba."

"Basi Tanga kuna pua." Akanirushia ovaroli, na tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu. Niliitwa Pua mpaka nastaafu.

Ninyi vijana mnaokaa Joburg leo mnapasha vyumba kwa hita ya umeme au ya gesi, na umeme ukikatika mnajifunika blanketi na kulalamika kwenye simu. Zamani wenye uwezo walikuwa na mtindo mwingine. Nenda Kensington, uzitazame zile nyumba za zamani zilizojengwa juu ya mawe. Baadhi yake zilikuwa na boila chini ya sakafu, yaani pipa kubwa la kuchemshia maji. Maji ya moto yalizunguka kwenye mabomba mpaka kila chumba, yakaingia katika vyuma vilivyofanana na rejeta ya gari, na nyumba nzima ikapata joto. Boila lilikula mafuta, na mafuta yalikaa kwenye tangi la chuma lililofukiwa bustanini, mara nyingi chini ya mawaridi. Mwenye nyumba akafariki, watoto wakauza, mnunuzi akaleta hita za umeme. Boila likauzwa kama chuma chakavu. Tangi hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu hakuna aliyeliona.

Kazi ya kampuni yetu ilikuwa kuyatafuta matangi hayo na kuyang'oa. Dalili zake nilifundishwa wiki ya kwanza, na hadi leo nikipita mtaani macho yangu yanazitafuta. Ukiona bomba jembamba limepanda ukutani, limepinda kichwa na halina kazi, hilo ni bomba la kupumulia la tangi. Ukiona kifuniko cha shaba katikati ya maua, hapo palikuwa pakijaziwa mafuta. Ukiona nyasi zinakufa mahali pamoja kila mwaka, na mwenye nyumba anabadilisha mbolea tu, usimcheke, mwambie. Kuna bwana mmoja gurudumu la nyuma la gari lake lilizama kwenye njia ya kuingilia gereji, akaita watu wa dawa ya mchwa. Watu wa mchwa ndio waliotuita sisi. Paa la tangi lilikuwa limeliwa na kutu mpaka limebaki jembamba kama bati la kopo la maziwa, na watoto wake walikuwa wakicheza mpira palepale.

Na tangi tupu ndilo linaloua. Lililojaa linavuja na kuharibu, ndiyo, lakini lililobaki na masalia limejaa mvuke usioonekana. Ukilikata kwa mashine inayotoa cheche, linalipuka. Ukiingia kichwakichwa, unalala humo humo na huamki. Ndiyo maana tulikuwa na utaratibu wa kufyonza masalia kwanza, kisha kutumbukiza barafu kavu, ile inayotoa moshi mweupe, ili isukume mvuke nje. Baada ya hapo kipima gesi kilishushwa kwa kamba, na ndipo mtu akaruhusiwa kukata. Anayeingia kukwangua tope la mafuta alifungwa kamba kiunoni, na mwenzake alikaa juu ameishika. Huyo wa juu tulimwita mlinzi wa mdomo.

Mimi nilianza kwa kuchimba, nikapanda nikawa mlinzi wa mdomo. Mlinzi wa mdomo haondoki, hapokei simu, hawashi sigara. Siku moja Adhuhuri iliingia nikiwa nimeshika kamba, nikamwomba Msimamizi niende kuswali. Akasema, "Nenda, lakini kwanza mwite mtu umkabidhi mkono kwa mkono. Mungu wako anamjua pia huyo aliye chini." Nikamwita mtu, nikamkabidhi kamba, nikaenda. Kwa maneno kama hayo alinilea yule mzee, na namwombea dua hadi leo.

Baadaye nikapewa kazi niliyozaliwa nayo. Tangi likishatoka shimoni, lazima ijulikane kama lilivuja. Udongo unapelekwa maabara, lakini huwezi kupeleka shimo zima. Mtu anashuka, ananusa pande zote nne na chini, na pale pua inaposhtuka ndipo sampuli inachukuliwa. Shida ni kwamba pua inachoka upesi. Anayeshinda kwenye mafuta haisikii tena harufu yake, na hajui kwamba haisikii. Hapo ndipo palipozaliwa desturi ya Msimamizi. Kabla mtu hajashuka, alisimama ukingoni na kuuliza kwa sauti, kila mtu akisikia: "Nani ana pua safi?" Aliyeinua mkono alikuwa anaapa kwamba tangu jana hajashika mafuta, hajavuta sigara, wala hajala achari. Hakukuwa na fomu ya kujaza wala saini. Mkono juu, basi.

Mwezi wa Ramadhani sikuwa na mpinzani. Wenzangu walinitania kwamba nikifunga nanusa sambusa za Fordsburg, ng'ambo ya jiji, nikiwa Kensington. Nami nilipenda, nisidanganye. Mtu wa kigeni, karatasi zake za kukaa nchini zinategemea barua ya kampuni, Kizulu chake kinachekwa, halafu kuna jambo moja ambalo wote wanamgeukia yeye. Nililewa sifa, na ulevi huo haukutengua saumu, kwa hiyo sikuuona.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Ramadhani, wakati wa mgao wa umeme. Nilikuwa nimepanga chumba Fordsburg, juu ya bucha ya mwenye nyumba wangu. Asubuhi baada ya Alfajiri jenereta ya bucha ikazimika, nyama iko kwenye friji, mzee wa watu anahangaika peke yake. Nikashuka nikamsaidia kumimina dizeli. Ilinimwagikia kidogo mkononi. Nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikabadilisha shati, nikaenda kazini.

Siku hiyo tulikuwa tunang'oa tangi kwenye nyumba ya mawe huko Kensington. Lilitoka zima, bila tundu hata moja, kila mtu akafurahi. Msimamizi akasimama ukingoni. "Nani ana pua safi?" Kabla hajamaliza, macho yote yalikuwa kwangu. Mkono wangu ukapanda. Nilijua kanuni. Nilijiambia kwamba nimenawa, kwamba ni dizeli kidogo tu, kwamba aibu ya kusema hapana mbele ya wote haistahili kwa matone mawili. Nikashuka, nikanusa pande zote nne, sikusikia kitu. Tukachukua udongo wa chini tu, pale tangi lilipolalia. Maabara wakasema safi, na wao hawakukosea, kwa sababu udongo tuliowapa ulikuwa safi.

Tulipokuwa tunafukia, mama mmoja akachungulia juu ya ukuta wa mashariki. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, msusi, anakaa kwenye nyumba ndogo ya nyuma ya jirani pamoja na binti yake wa miaka mitano aliyeitwa Furaha. Alinisikia naongea Kiswahili kwenye simu.

"Papa, jambo. Ile tangi haiharibu mayi yetu? Shiye tunakunywa ya pompi, ya mu udongo."

Alimaanisha kisima kirefu cha pampu kilichokuwa uani kwao, kwa kuwa maji ya manispaa yalikatika kila mara.

"Haina neno, mama," nikamjibu. "Kunywa bila wasiwasi."

Akanishukuru. Akachukua na namba yangu ya simu, akaiandika "Papa wa Matangi".

Kipupwe kikapita, mvua zikaanza, maana Joburg hunyesha wakati wa joto. Asubuhi moja simu ikalia.

"Papa, Furaha anakatala mayi. Anasema iko nanuka. Miye nikamugombeza, nikamwambia papa wa matangi alisema ni muzuri, kunywa. Akakunywa, akatapika. Sasa na miye nasikia ile harufu."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Alinimiminia bilauri, nikaipeleka puani, na pale pale nikawa chumbani kwa bibi yangu, chemli imezimwa zamani. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi. Furaha alikuwa amelala kwenye kochi, kliniki walikuwa wamesema apumzike na asiyaguse maji hayo tena. Alinitazama. Nimetazamwa na wakubwa wengi katika maisha yangu, lakini sijatazamwa hivyo.

Nilikuwa na upenyo wa kuponyokea, nauandika hapa ili msinidhanie malaika. Kensington ina matangi mengi yaliyosahaulika. Ningesema mafuta yametoka kwingine, na karatasi ya maabara ingenitetea. Nikisema kweli, nafukuzwa, barua ya kampuni inakwisha, na karatasi zangu za kukaa nazo zinakwisha. Nilisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawaka kijani, ikarudi nyekundu, ikawaka tena, na mimi sijavuka. Niliogopa kweli kweli. Nikawaza yule mtoto alikuwa amefanya kazi yangu, tena kwa usahihi, na amegombezwa kwa jina langu.

Kesho yake nilimkuta Msimamizi kwenye lori. Nikamwambia habari za maji.

"Lile shimo nani alinusa?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi, Baba."

"Pua ilikuwa safi?"

"Haikuwa safi. Nilikuwa nimemimina dizeli asubuhi."

Akasema, "Mkono uliuinua mbele ya watu. Sema mbele ya watu." Akawaita wote. Nikasema mbele yao. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeniita Pua siku hiyo.

Akanipeleka kwa Meneja, mama wa Kizungu mwenye kuongea polepole, ambaye tulikuwa tunamwona mara chache. Alisikiliza hadi mwisho.

"Unajua kwamba ungeweza kunyamaza?"

"Najua, madam."

"Na unajua kwamba naweza kukufukuza sasa hivi?"

"Najua."

Akavaa viatu vyake vya shambani. "Basi twende tukachimbe."

Tulichimba upande wa mashariki. Tangi kweli halikuwa na kosa. Lililooza ni bomba la kupeleka mafuta kwenye boila, lililopita kando ya ukuta, na lilikuwa limevujia kwenye kiungo miaka mingi. Udongo wa pale ulinuka kiasi kwamba ningeusikia hata siku ya dizeli, lakini ulikuwa hatua moja tu zaidi ya nilipofikisha pua yangu. Ningekuwa na pua safi, harufu ingenivuta kufika. Mvua zilipopandisha maji ya ardhini, mafuta yakapanda nayo mpaka kisimani. Mkaguzi wa jiji alikuja, akaandika kurasa nyingi. Udongo ulibebwa kwa malori kupelekwa dampo la sumu. Meneja akaweka sheria mpya kwamba sampuli zitachukuliwa pande zote, pua iseme au isiseme, na wanusaji watakuwa wawili. Sheria hiyo bado ipo.

Sikufukuzwa. Meneja aliniondoa kwenye kunusa mwaka mzima, akanirudisha kwenye kamba, na akanipa adhabu nyingine ambayo leo naiona kama zawadi. Kampuni ilimwekea Mama Furaha tangi la plastiki la maji, lijazwe na lori kila wiki mpaka maabara waruhusu kisima. "Hayo maji," Meneja akasema, "utampelekea wewe, kwa mkono wako."

Mara ya kwanza Mama Furaha hakujibu salamu yangu. Nilipomaliza kujaza, alichota kikombe kimoja akakinyoosha kwangu.

"Kunywa kwanza, papa."

Nikanywa. Ndipo akamwita Furaha naye anywe. Ikawa desturi kila wiki: najaza, nakunywa, mtoto anakunywa. Wiki za kwanza zilikuwa za aibu tupu. Kisha siku moja kikombe kikaja na kiti. Baadaye kikaja na sahani ya bukari, yaani ugali wa kwao, na samaki, na Mama Furaha akanicheka kwamba watu wa Tanga tunaila kama wagonjwa. Maabara waliporuhusu kisima, aliniambia nisiache kuja. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Juu wewe ulirudia. Benye kufanya makosa beko bengi. Benye kurudia, hapana." Kurudia kwao ni kurudi.

Miaka ikaenda. Yule Msimamizi mzee alistaafu akarudi kwao Natal, na mimi nikapandishwa nikawa msimamizi msaidizi. Yeye na Meneja waliniachia kazi ambayo wangeweza kuninyang'anya kwa sentensi moja, na katika ugeni wangu wote hapa sijapewa kitu kikubwa kuliko hicho. Nawashukuru, na vijana mkipewa madaraka juu ya watu, wakumbukeni.

Mwaka jana, baada ya homa kali ya mafua, nilianza kuona chakula hakina ladha. Nikadhani ni uzee wa kawaida. Asubuhi moja tulikuwa ukingoni mwa shimo, na Msimamizi mpya, kijana aliyeanza kazi chini yangu, akauliza kama ilivyo desturi: "Nani ana pua safi?" Macho yote yakanigeukia, kama siku ile. Mkono wangu ulibaki chini.

"Sijashika mafuta," nikamwambia. "Lakini nipangieni makopo kwanza."

Walipanga makopo matatu nyuma ya lori. Nikanusa la kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa baridi tu puani. Wakadhani natania. Nikawaambia kwamba kazi yangu imekwisha, na mwisho wa mwezi nikakabidhi ovaroli. Walinipa saa ya ukutani na keki, tukapiga picha. Sikulia pale, nililia kwenye taksi.

Watu wananiuliza kama nasikitika. Nasikitika kidogo, kwa sababu harufu ya pilau ya Idi nayo imekwenda. Lakini niliondoka kwa kusema kweli mbele ya watu, na hilo nilifundishwa na kazi hii hii.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kensington kumwona Mama Furaha na binti yake. Mama Furaha sasa ana saluni yake barabarani, na alikuwa bado hajarudi kutoka kanisani. Nilimkuta Furaha, ana miaka kumi na moja, mrefu, anaongea Kiingereza na mashoga zake na Kiswahili anakielewa tu akitaka. Nikaomba maji. Akachota ya kisimani. Nikapokea bilauri na, kwa mazoea ya mkono, nikaipeleka puani. Hakuna kitu. Maji au mafuta, nisingejua. Nikabaki nimeishika tu.

Mtoto aliniona. Akaichukua bilauri mkononi mwangu, akainusa kwa makini, akanywa funda moja, akasubiri kidogo. Kisha akanirudishia.

"Sharp, Babu," akasema. "Kunywa bila wasiwasi."

Nikanywa yote.